Buatie ni nyumba, haiko nguo: mambo ya kuangalia mbele ya kujiunganishia mashini



Leo sitaongea juu ya kutafuta kazi. Nitaongea juu ya kitu moja yenye karibu kila mutu anazarau wakati anajiunganishia ordinatere: buatie, ile sanduku ya chuma yenye kubeba vyote. Wengi wanaiita inite santrale, lakini inite santrale ni sanduku pamoja na vitu vya ndani. Mimi naongea juu ya sanduku yenyewe, ingali tupu. Na naongea juu yake kwa sababu ilitukulia makuta, mimi na rafiki yangu.

Nyuma ya kumaliza lisanse, tulikamata wazo lenye wengi wetu hapa Butembo tunakamataka: kufungua sekretaria karibu na fakilte. Kupiga TFC na memwari za wanafunzi, kuchapisha, kufotokopia, kuskana. Makuta ilitoka kwa mama mudogo wa rafiki yangu, dola 600, kwa mukopo. Alituambia kitu moja tu: "Bana bangu, hii ni makuta ya mashamba, musiicheze." Tukanunua vitu kimoja kimoja, vingine vilipitia Kampala na Kasindi. Kartemere nzuri, prosesere nzuri, RAM ya kutosha. Kisha tukafika kwa buatie. Rafiki yangu akaona moja yenye kioo mbele na kioo pembeni, na taa za rangi. Dola 85. Akasema: wateja wakiona hii watajua tuko watu wa kweli. Mimi nikakubali, juu ilikuwa inavutia hata mimi.

Mwezi wa saba, wakati wa kudepoze TFC, ilikuwa kiangazi kabisa. Barabara ya mbele yetu ni ya udongo, na malori yanapita asubui mpaka jioni. Mashini ikaanza kuwa nzito. Siku moja, saa 7 ya muchana, ikajizimisha yenyewe. Tukaiwasha, ikatembea dakika kumi, ikazimika tena. Ndani kulikuwa kazi ya dada mmoja wa finaliste yenye ilikuwa lazima ifike kwa apariteri mbele ya saa 10. Tulitoa diske, tukakimbia nayo kwa jirani mwenye sekretaria ingine, yeye njo akachapisha. Yule dada aliwahi, lakini hakurudia kwetu tena, na wenzake pia hawakurudia.

Jioni tulifungua buatie. Vumbi ilikuwa imelala juu ya prosesere sawa blanketi. Hakuna kitu kilikuwa kimekufa. Mashini ilikuwa tu inajilinda: prosesere za leo zikikaribia digri 100, zinapunguza mbio zenyewe, na moto ukiendelea kupanda, zinazimisha kila kitu. Muuzaji hakuwa na kosa. Kosa ilikuwa yetu. Tulinunua nguo, wakati mashini ilikuwa inahitaji nyumba.

Basi, haya hapa njo mambo yenye ningependa mutu angeniambia mbele ya siku ile.

1. Nyumba inabakia, wapangaji wanahama

Vitu vya ndani vinazeeka haraka. Nyuma ya miaka tano ao sita, prosesere yenye leo unaona ni ya nguvu itakuwa nzito. Lakini buatie nzuri inaweza kukutumikia miaka kumi na zaidi, na ndani yake utabadilisha kartemere mara mbili ao tatu. Ju ya nini inawezekana? Juu kuko vipimo vyenye watengenezaji wanafuata.

Mwaka 1995, Intel ilitoa kipimo kinaitwa ATX. Kilipanga ukubwa wa kartemere, fasi ya matundu ya vise, na fasi ya kutokea porti za nyuma. Mpaka leo kingali kinatumika. Vipimo vitatu vyenye utakutana navyo zaidi ni hivi:

ATX: kartemere ya milimita 305 kwa 244.
Micro-ATX: milimita 244 kwa 244.
Mini-ITX: milimita 170 kwa 170.

Sheria ni nyepesi: nyumba kubwa inapokea mugeni mudogo, lakini nyumba ndogo haipokee mugeni mukubwa. Buatie ya ATX inapokea micro-ATX, na mara nyingi mini-ITX pia. Buatie ya mini-ITX haitapokea kingine. Kwa hiyo, mbele ya kuangalia rangi, soma ile yenye imeandikwa kwa karton: inapokea kipimo gani?

Hapa kuko mutego yenye inakamata wanafunzi wengi. Unaona mashini ya ofisi ya zamani, imetoka Ulaya, bei chini, unasema: nitaondoa vya ndani, nibakie na buatie. Angalia muzuri mbele ya kulipa. Mashini nyingi za ofisi hazifuate ATX. Matundu ya vise yako fasi ingine, alimantasio iko na umbo lake yenyewe, hata kibutoni cha kuwasha kiko na waya wa namna yake. Kama mashini yenyewe ingali inatumika vizuri, inunue uitumikishe vile iko, siyo mubaya. Lakini usiinunue kama nyumba ya kuweka kartemere ingine. Namna ya kujua: chukua meta ya fundi wa nguo, pima alimantasio kwa nyuma. Ile ya ATX ya kawaida iko na upana wa sentimita 15 na urefu wa kwenda juu wa sentimita 8.6. Kama umeona umbo nyembamba ao ndefu isiyo ya kawaida, ujue ile buatie ni ya wenyewe.

2. Mashini inatoa moto wote wenye inakula umeme

Hapa tusome fizike kidogo, ile ya sekondari. Umeme wote wenye mashini inakula, mwisho wake unageuka kuwa moto. Mashini ya kuandika na kuchapisha inakula wati 60 mpaka 100 hivi. Ukiweka karte grafiki kubwa ya michezo ao ya montaje ya video, unafika wati 300 na zaidi. Fikiri zile ampuli za zamani za wati 100, zenye zilikuwa zinaunguza vidole. Sasa funga tatu ndani ya sanduku moja. Moto ule lazima utoke, na njia yake ni hewa.

Kitu chenye wengi hawaelewe: vantilatere haileti baridi. Inasukuma tu hewa ya chumba ipite ndani. Kwa hiyo ndani ya buatie hakutakuwa baridi kushinda chumba yenyewe. Kama uko Uvira ao Kalemie, na chumba iko na digri 32 chini ya manjanja, mashini inaanzia pale kwa 32, kisha inapanda. Sisi wa Butembo na Bukavu tuko juu kwa milima, hewa ni ya baridi kidogo, lakini vumbi inatuonea. Kila muji uko na shida yake: Goma kuko ile vumbi nyeusi ya mawe ya volkano, Lubumbashi ile nyekundu ya kiangazi. Buatie yako inapaswa kujibu shida ya fasi yenye unaishi, siyo ya yule kijana wa video ya YouTube mwenye chumba yake iko na klimatizasio.

Sasa angalia mbele ya buatie. Kama ni kioo kizima ao plastiki nzima, uliza: hewa inaingilia wapi? Mara nyingi utakuta kijinjia kidogo pembeni, upana wa kidole. Ile njo ilikuwa yetu. Vantilatere tatu za rangi zilikuwa zinazunguka nyuma ya kioo, zinajaribu kunywa hewa kwa tundu sawa ya mukingo wa biki. Buatie yenye iko na wavu mbele, matundu madogo madogo kwa uso wote, inapumua vizuri hata na vantilatere mbili za bei ndogo.

Jaribio la dukani ni hili: weka mukono wako mbele ya buatie, pulizia mudomo kwa uso wake. Kama hewa inapita mpaka unaisikia upande wa ndani, ni vizuri. Kama inakurudilia usoni, acha.

3. Vumbi inaingilia fasi yenye hukuipangia

Watu wanafikiri matundu mengi ni vumbi mingi. Haiko vile kabisa. Jambo kubwa ni kujua hewa inaingilia wapi na inatokea wapi.

Kama vantilatere za kutoa hewa ziko na nguvu kushinda zile za kuingiza, ndani kunabakia upungufu wa hewa. Buatie itaanza kunyonya kila fasi: kwa porti za USB, kwa nafasi kati ya mabati, kwa tundu zenye hazina kifuniko. Zile fasi hazina filtri, kwa hiyo vumbi inaingia bure. Lakini kama zile za kuingiza zinashinda, hewa inajaa ndani kidogo, na kwa zile nafasi ndogo inatoka, hainyonywe. Vumbi inabakia paka kwa njia yenye umeweka filtri.

Kwa hiyo mupango wenye naona ni muzuri kwa fasi zetu: vantilatere mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa. Nyingi ni za milimita 120, zingine 140. Namna ya kujua hewa inaenda upande gani: upande wenye unaona zile fito za plastiki zenye zimeshika mota, kule njo hewa inatokea. Kwa zingine kuko mushale umechorwa pembeni.

Na filtri lazima itoke bila turnevise. Hii ni kitu kidogo lakini ya maana sana. Filtri yenye inavutwa kwa mukono utaisafisha kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Filtri yenye inaomba kufungua vise sita, utasema kesho, kesho, mpaka mashini izimike na TFC ya mutoto wa watu ndani.

Kama umeshanunua buatie bila filtri, usilie. Kamata kolan ya nailoni ya zamani ya dada, ivute ikazane, uiweke mbele ya vantilatere za kuingiza. Mustikeri siyo dawa, matundu yake ni makubwa kwa vumbi laini. Lakini kumbuka: filtri yoyote inapunguza hewa kidogo, na ikijaa inaifunga kabisa. Kuweka filtri na kutoisafisha ni mubaya kushinda kukosa filtri.

4. Andika vipimo vitatu kwa karatasi mbele ya kutoka nyumbani

Hapa njo watu wanarudilia dukani mara mbili, na siku ya pili muuzaji anasema hachukui tena. Andika:

Kwanza, urefu wa karte grafiki, kama utaiweka. Ndogo iko sentimita 17 mpaka 20, lakini kubwa zinapita 30. Karton ya buatie inasema mwisho wake ni ngapi.

Pili, kimo cha kile chuma na vantilatere vyenye vinakaa juu ya prosesere. Ile fupi yenye inatoka pamoja na prosesere kwa kawaida haifiki sentimita 10. Lakini zile za munara zinafika 15, 16. Buatie nyembamba haitafungika, kifuniko kitagonga juu.

Tatu, urefu wa alimantasio. Nyingi ziko kati ya sentimita 14 na 16, lakini zile za nguvu sana zinazidi. Kwa buatie ndogo, sentimita mbili zinaweza kukufungia njia ya waya.

Ongeza kitu cha ine kama uko mutu wa kuhifadhi kazi nyingi: fasi za diske. Buatie nyingi mupya zimepunguza fasi za diske kubwa, kuko zenye mbili tu, na zingine moja. Kama sekretaria yako inatunza memwari za miaka yote, ama unafanya video za arusi, hesabu mbele.

5. Mukono unajua kushinda macho

Muombe muuzaji atoe buatie kwa karton. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Sukuma bati ya pembeni na kidole gumba. Mabuatie ya bei chini kabisa yako na chuma ya nusu milimita hivi, inacheza sawa manjanja wakati wa upepo. Yenye inafikia milimita 0.8 unaisikia mara moja, haiyumbe. Bati nyembamba inapindika wakati wa safari, na buatie yenye imepindika haikubali tena vise kuingia sawasawa. Halafu itapiga kelele, juu vantilatere zinaitetemesha.

Pitisha kidole polepole kwa kingo za ndani. Kama zinakata ngozi, zitakata na waya siku moja.

Angalia nyuma, fasi ya kuwekea karte. Kuko vile vibati vidogo vya kufunika. Kwa mabuatie mazuri vinafungwa na vise, unatoa, unarudisha. Kwa zile za bei chini vinavunjwa, na ukishavunja hakuna kurudisha. Kile kitundu kitabakia wazi, na mende wanapenda sana fasi yenye moto kidogo na giza. Panya pia. Usicheke, mafundi wa hapa wanajua.

Na ile kioo ya pembeni? Siyo zambi. Inaonesha ndani na vumbi unaiona mapema. Lakini ni kioo chenye kimekazwa na moto: kinavumilia kupigwa katikati, kisha kinapasuka chote mara moja kama kona yake imegusa simenti ao karo. Kama mashini yako itapanda moto-taksi mara kwa mara, ama utahama nyumba kila mwaka sawa sisi wapangaji, chagua bati pande zote mbili.

6. Alimantasio ya bure inalipiwa baadaye

Kwa soko zetu, mabuatie mengi ya bei ndogo yanauzishwa na alimantasio tayari ndani. Inaandikwa kwa herufi kubwa: 500W. Unaona umepata bahati.

Soma ile karatasi yenye imebandikwa pembeni yake. Tafuta mustari wa 12V, uangalie ampere ngapi. Kisha fanya mara. Kama ni 18A, basi 12 mara 18 ni wati 216. Kwa mashini za leo, prosesere na karte grafiki wanakula karibu yote kwa mustari ule wa 12V. Kwa hiyo ile 500W unaweza kuihesabu kama 216 na vikombozo kidogo. Kwa kuandika Word inaweza kutosha. Kwa karte grafiki, hapana. Na fasi umeme unapanda na kushuka sawa kwetu, alimantasio mubaya ikikufa haikufe peke yake, inaweza kupeleka na kartemere.

Ushauri wangu: nunua buatie tupu, na alimantasio peke yake yenye jina inajulikana. Kama makuta haitoshi kwa vyote viwili, punguza kwa uzuri wa buatie, usipunguze kwa alimantasio. Na usisahau ondilere. Portabli iko na batri yake ndani, umeme ukienda unaendelea kuandika. Mashini ya meza umeme ukikatika, kazi yenye hujaweka inaenda na umeme.

7. Kama buatie inakuchoma vidole

Kuko wengi wanasema: mashini yangu inanipiga kidogo nikiigusa nikiwa miguu wazi. Wengine wanafikiri ni buatie mubaya. Mara nyingi shida iko kwa nyumba, haiko kwa buatie.

Ndani ya alimantasio kuko filtri ya umeme yenye imeunganishwa na chuma ya buatie. Inapitisha umeme kidogo sana, na ile kidogo imepangiwa kwenda mu udongo kwa njia ya waya ya tatu ya prizi, waya ya tere. Nyumba nyingi za kwetu hazina waya ile, ama prizi iko na tundu lake lakini nyuma yake hakuna kitu. Kwa hiyo umeme ule kidogo unabakia kwa chuma, unangojea mukono wako. Kwa kawaida hauue. Lakini ujue maana yake: siku alimantasio itaharibika kweli na waya ikagusa chuma, hakuna njia ingine ya volti 220 kupita isipokuwa wewe.

Usikate jino la tere kwa fishi ili liingie kwa ralonji ya matundu mawili. Mwite mufundi wa umeme apige chuma mu udongo, avute waya mpaka kwa prizi. Kwa sekretaria yenye inapokea wanafunzi muchana wote, hii siyo anasa.

8. Porti za mbele

Hesabu USB za mbele, juu kila mwanafunzi anakuja na kle yake. Mbili ni kidogo, tatu ao ine ni vizuri. Kisha angalia kama kartemere yako iko na fasi ya kuunganisha. USB 3 ya mbele inakuja na fishi pana ya pini 19. Kama kartemere ni ya zamani na haina fasi ile, zile porti za buluu zitabakia mapambo. Na angalia porti ziko wapi: zenye ziko juu kabisa na matundu yakiangalia mbinguni zinajaa vumbi, na siku manjanja inavuja, maji.

9. Nyumba inaomba kiwanja

Hata buatie nzuri inauawa na fasi mubaya. Usiiweke chini kwa simenti, kule njo fagio inasukumia vumbi yote, na kule njo maji ya kupangusa inapita. Alimantasio nyingi siku hizi zinakaa chini ya buatie na zinavuta hewa kwa tumbo. Ipandishe kwa meza, ama juu ya ubao na matofali mawili. Acha nafasi ya kiganja kimoja nyuma na pembeni. Usiifungie ndani ya kabati ya meza. Usiku, ikiwa imezimwa, ifunike na kitambaa, na asubui uondoe kitambaa mbele ya kuiwasha.

Kuhusu kusafisha: wengi wanapelekaka mashini kwa kwado apulizie na kompresere ya matairi. Naelewa, ni bei ndogo. Lakini kompresere ile inatema pia matone ya maji na mafuta, na nguvu yake inazungusha vantilatere mpaka inaharibika. Burashi laini ya kupaka rangi, yenye haijatumiwa, inafanya kazi vizuri. Chomoa prizi, shika mapanga ya vantilatere na kidole yasizunguke, na pangusa polepole ukienda inje. Filtri osha na maji, acha ikauke kabisa mbele ya kurudisha.

Sasa, ningechagua nini?

Kwa wengi wetu, kazi ya sekretaria, masomo, programu kidogo, montaje kidogo: buatie ya micro-ATX ao ATX ya kawaida, wavu mbele, bati pembeni, filtri za kutoka kwa mukono, fasi ya vantilatere mbili mbele na moja nyuma, vibati vya nyuma vya vise. Rangi yoyote. Taa hapana lazima. Mini-ITX ni nzuri kwa macho na inabebeka, lakini kartemere zake mara nyingi ni bei juu, na ndani mukono haupite. Sisi tuko watu wa kufungua na kurekebisha wenyewe, tunahitaji nafasi ya mukono.

Na kama makuta ni kidogo kabisa, tafuta buatie ya ATX ya zamani, yenye imetumika, chuma mazito, yenye hakuna mutu anaitaka juu ni ya kijivu na mubaya. Ioshe, ongeza vantilatere moja mupya mbele. Itashinda zile za kioo nyingi.

Sisi njo tulifanya vile. Ile ya kioo tuliuzisha kwa kijana mmoja kwa dola 40, tukamuambia shida yake wazi, akasema ataitoa kioo ya mbele aweke wavu. Tukanunua ya zamani kwa dola 15, na vantilatere mbili. Kiangazi chenye kilifuata, mashini haikujizimisha hata siku moja. Mama mudogo tulimaliza kumulipa mwezi wa kumi na mbili, kuchelewa miezi ine kwa ile tulimuahidi. Hakutukaripia. Alikuja kuona mashini, akaangalia ile sanduku ya kijivu, akauliza: "Ni hii njo ilikula dola zangu?" Tukamuambia hapana mama, ni hii njo ilizirudisha.

Mwenye yuko anapanga kununua mwezi huu, aandike vipimo vyake vitatu kwa karatasi mbele ya kuingia soko. Na mwenye yuko na mashini tayari, jioni ya leo aizimishe, achomoe prizi, afungue kifuniko aangalie. Utajua mara moja kama umeipatia nyumba ao nguo.